Kiboko na Meli ya Dohani Tatu

Aprili 1915, ndege ya Waingereza iliipiga picha manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Kiboko haonekani pichani, ila mimi namsikia: "Huyu mnene wa dohani tatu anahama lini? Majani hali, kupiga mbizi hajui!" Julai 11, baada ya kupigwa mizinga, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Ikazama nusu, mgongo nje. Kiboko kabisa.

Kisha mizinga yake 10 ikaopolewa, ikakokotwa nchi kavu. Katika picha za vita ile, Waafrika wanaivuta kwa kamba. Hapo utani unanikauka. Maelezo niliyoyasoma chini ya picha hizo yanataja meli, yanataja milimita 105. Mvutaji hatajwi hata mmoja.