Vali ya Moyo "Inavuja Kidogo": Je, Mtoto Anaumwa?

Mwanao amepimwa moyo kwa ultrasaundi, yaani eko, na majibu yanasema vali inavuja kidogo. Neno "kuvuja" linatisha, lakini mara nyingi huo si ugonjwa.

Moyo una vali nne. Hufunguka damu ipite, kisha hujifunga isirudi. Hata vali nzima inaweza kurudisha damu kidogo sana inapojifunga, na mashine ya eko huionyesha kwa rangi. Kwa watu wenye afya, hili huonekana zaidi kwenye vali mbili za upande wa kulia, na pengine kwenye vali ya mitrali upande wa kushoto. Kwenye vali ya aota ni nadra, kwa hiyo hapo daktari huangalia kwa makini zaidi.

Muulize: umbo la vali ni la kawaida? Vyumba vya moyo havijatanuka? Kama kila kitu kiko sawa, mtoto hahitaji dawa wala kukatazwa kucheza.

Ila kama aliwahi kupata homa na kuvimba viungo, hasa wiki chache baada ya kuumwa koo, usiache kumwambia daktari. Homa ya baridi yabisi huharibu vali, na mwanzoni uvujaji wake nao unaweza kuwa mdogo.