Maji ya Kale Yaliyogeuka Ngano

Sisi tunaokaa karibu na maziwa na mito mikubwa, tukichimba kisima tunajua mvua itakijaza tena. Katika inchi ya Saudi Arabia sivyo. Huko hakuna hata mto mmoja wenye maji mwaka mzima. Maji yake mengi ya chini ya ardhi yaliingia katika miamba zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakati jangwa lile lilipokuwa bado linapata mvua. Ni akiba isiyoongezwa kitu.

Mwaka 1931 Mfalme Abdulaziz alimpokea fundi Mwamerika, Karl Twitchell, amtafutie maji. Maji yalionekana machache. Lakini safari ile ilifungua njia ya mkataba wa petroli wa 1933, na mwaka 1938 petroli ikatoka kwa wingi. Hiyo ndiyo iliyolipa mashini za kuvuta maji.

Mbele ya hapo watu wa Al-Hasa walinywesha mitende yao kwa chemchem zilizobubujika zenyewe. Lakini mwaka 1973 Waarabu waliwanyima Wamerika petroli, na wakubwa wa Marekani wakajibu kwamba chakula nacho ni silaha. Tusiwacheke walioogopa: nani anapenda mkate wake ushikwe na mkono wa mwingine? Serikali ikagawa ardhi, ikakopesha fedha bila faida, ikanunua ngano kwa bei iliyopita mara kadhaa bei ya dunia. Visima vikashuka mamia ya mita, na mabomba marefu yenye magurudumu yakazunguka yakinyunyiza, hata jangwa likajaa mashamba ya mviringo. Mwaka 1992 walivuna karibu tani 4,000,000, nyingi kuliko walivyoweza kula. Zilizobaki wakaziuza ng'ambo. Na kila tani ilikuwa imekunywa zaidi ya tani 1,000 za maji! Kumbe waliuza maji yao, tena kwa hasara.

Chemchem za Al-Hasa zikaacha kububujika. Mabwawa ya Al-Kharj yakakauka. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano kidogo kidogo, na mwaka 2016 ikauacha, ingawa baadaye iliruhusu tena kilimo chake kwa kipimo. Lakini wakulima wengi hawakuzima mashini: walipanda alfalfa, majani ya ng'ombe wa maziwa, yanayokunywa kupita ngano kwa sababu hukatwa na kuota tena mwaka mzima. Ikabidi hayo nayo yazuiwe.

Basi ng'ombe wakatafutiwa majani mbali. Mwaka 2014 kampuni ya maziwa Almarai ilinunua mashamba katika Arizona, Marekani, jangwa lingine, mahali ambapo sheria haikuweka mpaka wa kuvuta maji. Majani yakapakiwa katika meli, na wenyeji wakanung'unika juu ya visima vyao. Oktoba 2023 gavana Katie Hobbs alivunja mkataba mmoja wa ardhi ya jimbo, akasema mingine ya bonde lile haitafanywa upya. Mashamba yaliyonunuliwa hayakuguswa na amri ile.