Nambari kwenye bunduki ya kale: hoja ya "zamani hazikuwepo"

1/ Kila mjadala wa silaha ukianza hapa kwetu, lazima mtu aseme, "Lakini kule Marekani..." Siku hizi wameongeza ingine: ati nambari za bunduki ni mambo ya juzi, zamani hazikuwepo, kwa hivyo kumshtaki mtu kwa nambari iliyofutwa ni uonevu. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Wacha niwape ile nusu ingine. 🧵

2/ Karne ya 19 viwanda vya Marekani viligonga nambari kwa sababu zao vyenyewe: kuhesabu mali na kujua vipande gani vinaenda pamoja. Bastola ya Colt ya 1873 ilikuwa na nambari moja mahali patatu: kwa mwili wake, kwa chuma kinachozunguka kifyatulio, na kwa chuma cha nyuma ya mpini.

3/ Miaka ya 1890 jeshi likarudisha nyingi za bastola hizo karakanani, likafupisha mitutu kutoka inchi 7.5 hadi 5.5. Vipande vikachanganyika. Leo unaweza kushika moja yenye nambari tatu tofauti, na hakuna mwizi aliyeigusa. Nambari zisizolingana si lazima ziwe zimechezewa.

4/ Sheria ilikuja polepole. 1938: ikawa kosa kusafirisha bunduki iliyofutwa nambari kutoka jimbo hadi jimbo. 1968, mwaka ambao Martin Luther King na Robert Kennedy waliuawa kwa risasi: kila kiwanda kikalazimishwa kuweka nambari. 1990: hata kuwa nayo tu, ukijua imefutwa, ikawa kosa, bora tu iwe iliwahi kuvuka mpaka wa jimbo. Kifungo ni hadi miaka 5.

5/ Na bunduki kuukuu ambayo haikuwahi kuwa na nambari? Hakuna kosa. Huwezi kufuta kisichokuwepo. Bunduki nyingi za kuwindia za kabla ya 1968 ziko hivyo.

6/ Sasa zile za kale. Sheria ya taifa kule inasema iliyotengenezwa 1898 au kabla si "bunduki" kisheria, kwa hivyo kosa la nambari haliigusi. Majimbo nayo yana sheria zao, na zinaweza kuwa kali zaidi.

7/ Hapa ndipo pana mtego. Utajuaje hii ni ya 1898 na si ya 1899? Kwa macho zinafanana kabisa. Mara nyingi unasoma nambari, kisha unaangalia rekodi za kiwanda. Ukiifuta, umefuta ushahidi wako mwenyewe. Ni kama gari lenye chesisi iliyokwaruzwa: hata kama ni lako halali, nani atakuamini?

8/ Na iliyohamishwa? Fundi wa zamani akitoboa tundu la pete chini ya mpini, nambari ililiwa, akaigonga upya pembeni. Hakuficha kitu. Lakini sheria inauliza kama ile ya kiwanda imeondolewa au imebadilishwa. Kwa bunduki ya 1898, swali halipo. Kwa ya 1910, nia njema ya fundi inahitaji kuelezwa, na fundi alishakufa.

9/ Ile hoja ya "zamani hazikuwepo" ilifika kortini. Oktoba 2022 jaji mmoja wa West Virginia aliikubali: 1791, Marekani ilipoandika haki ya silaha kwenye katiba, hakuna aliyedai nambari. Agosti 2024 mahakama ya rufaa ikampindua: bunduki iliyofutwa nambari si silaha ambayo raia mtiifu huitumia kwa shughuli halali.

10/ Mimi nakubaliana na rufaa, na pia nawatetea wenye vitu vya kale. Hayo mawili hayagongani. Nambari ni kumbukumbu: inamsaidia mpelelezi anayefuata bunduki ya mauaji, na inamsaidia mjukuu anayetaka kuthibitisha ya babu ni ya kale.

11/ Hapa kwetu tuko chini ya Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayotaka silaha ziwekwe alama. Na itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 inasema nchi isiite ya kale bunduki iliyotengenezwa baada ya 1899. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na "kule Marekani", muulize: mwaka gani, na nambari iko wapi?

Mwisho. Maswali leteni hapo chini, matusi bakini nayo.