Nzi Usoni, Mbung'o Tumboni

Msafiri Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331, akaenda Kilwa, kisha akavuka bahari hadi Dhofar. Huko alikuta mji unaosafirisha farasi bora kwenda Bara Hindi, wanyama wake wakilishwa dagaa, na soko lake likiwa limejaa nzi kwa sababu ya samaki na matunda. Kila anayefuga farasi au punda kwenye mwambao wetu wa Afrika Mashariki ataitambua hali hiyo.

Siku hizi wapo wanaomkinga mnyama kwa kofia ya wavu inayofunika macho, na pengine masikio pia. Fikra yenyewe ni kongwe: shada za nyuzi zimening'inia kwenye vipaji vya farasi wa Uarabuni na India tangu zamani. Swali ni je, kofia hiyo inamkinga mnyama na nini?

Kwenye pwani yetu wadudu wameua farasi, na farasi hao wakaua watu. Mwaka 1569 Mreno Francisco Barreto aliondoka Lisbon na jeshi kutafuta dhahabu ya ufalme wa Monomotapa. Walipofika Sena, kando ya mto Zambezi, mwaka 1571, farasi na askari wakaanza kufa. Wareno wakawashuku wafanyabiashara Waislamu wa pale, watu wa mwambao kama sisi, kwamba wametia sumu. Wakawaua kwa mateso ya kutisha. Leo tunajua kwamba mbu na mbung'o wanatosha kabisa kueleza vifo vile. Watu wasio na hatia walilipia kosa la mdudu, na sioni sababu ya kulisimulia jambo hili kwa sauti ya upole.

Mombasa nayo ililipa kwa jasho. Reli ndogo iliyoanzishwa na kampuni ya Waingereza mwaka 1890 ilikwama baada ya maili chache, na kisiwani abiria wakawa wanapanda vigari vya reli vilivyosukumwa na wanaume. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, punda, nyumbu na ng'ombe wa mizigo waliangamia kwa mamia kwenye nyika ya kuelekea Tsavo. David Bruce alikuwa ameshagundua kimelea cha nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, kule Zululand mwaka mmoja tu kabla. Hamali anayevuta mkokoteni Ndia Kuu leo yumo katika historia hiyo, maana mzigo ambao mnyama hakuweza kuubeba ulihamia mgongoni mwa mtu.

Kofia ya wavu isingewaokoa wanyama wale. Mbung'o hupenda kuuma miguu na tumbo. Usubi, unaoeneza tauni ya farasi, huja wakati wa magharibi na usiku, na ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya wavu wa kawaida. Wenye misafara walivusha mifugo usiku kwenye misitu ya mbung'o, na hiyo ilikuwa kinga bora kuliko nguo yoyote.

Lakini jicho nalo ni mali. Mtazame punda aliyesimama juani: nzi hujipanga kwenye pembe ya jicho, wakinywa machozi na kuacha mabuu ya minyoo yanayogeuza kidonda kidogo kuwa donda lisilopona. Hapo wavu una faida ya kweli, hasa kwa mnyama mwenye jicho bovu au ngozi nyeupe usoni. Ubaya wake ni kwamba kwa unyevu wa Mombasa jasho na vumbi hunasa ndani, mkanda huchubua shavu, na mwenye mnyama akishauzoea haangalii tena kilicho chini yake. Uvuliwe kila jioni, ufuliwe, na jicho likaguliwe.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, ningenunua koleo la kuzolea samadi. Kwa joto letu yai la nzi kwenye kinyesi huwa nzi kamili kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, basi banda likizolewa kila siku kizazi kinakatika kabla hakijaruka.