Machicha si Takataka

Wanafunzi wapenzi, mkisha kukamua maji ya karoti, machicha mnayapeleka wapi? Wengi huwamwagia kuku. Basi sikilizeni.

Mwaka 1946 Daktari Denis Burkitt alifika Uganda, akapasua wagonjwa huko miaka mingi. Aliona kuwa wenyeji, waliokula viazi, ndizi na maharagwe, hawakusumbuliwa sana na choo kigumu wala saratani ya utumbo, kama watu wa Uingereza. Katika miaka ya 1970 aliwafundisha watu wa Ulaya kuwa nyuzinyuzi walizozitupa viwandani ndizo zilizowalinda wengine.

Machicha yenu yana nyuzinyuzi hizo. Yakausheni juani siku ile ile yasichache, yatwangeni, changanyeni kidogo na unga wa chapati. Kuku watapata kingine.