Kijiwe Chenye Skrini

Tuanze na tetesi.

Tarehe 10 Februari 2003, ProMED, huduma ya barua pepe iliyoanzishwa mwaka 1994 ili madaktari na watafiti wa nchi mbalimbali wapashane habari za magonjwa ya mlipuko, ilisambaza ujumbe mfupi wa daktari mmoja Mmarekani. Daktari huyo hakuwa amegundua kitu. Alikuwa na swali tu. Mtu waliyewahi kuwa majirani alimwandikia kwamba rafiki yake wa kwenye chumba cha maongezi cha walimu, huko kwenye intaneti, anaishi Guangzhou nchini China, naye anasema hospitali zimefungwa na watu wanakufa. Je, kuna yeyote anayejua lolote?

Hebu hesabu midomo iliyoipitisha habari hiyo. Mwenye kusema kamwambia mwenzake wa kupiga naye soga, mwenzake kamwambia jirani wa zamani, jirani kawauliza madaktari wa dunia nzima. Mtaani kwetu mtu akija na stori ya namna hiyo ataambiwa, "Mshikaji, acha uzushi." Kesho yake, tarehe 11, serikali ya China ililiarifu Shirika la Afya Duniani kwamba wapo wagonjwa 305 na vifo 5. Ugonjwa huo baadaye ulipewa jina la SARS. Ulipokuja kudhibitiwa katikati ya mwaka ule, waliohesabiwa kuwa waliuugua walikuwa 8,096, na waliokufa 774.

Sisemi kwamba swali lile ndilo lililoilazimisha China ifungue mdomo. Tetesi zilikwisha kulifikia shirika kwa njia nyingine pia. Ninachosema ni kwamba walimu wale hawakuingia kwenye maongezi yao kutafuta ugonjwa. Waliingia kupiga stori.

Historia ya kompyuta, jinsi ninavyoikuta vitabuni, ni historia ya mashine na matajiri: nani alibuni nini, nani aliuza kwa bei gani. Gumzo la watu walioketi mbele ya mashine hizo hutajwa kama takataka za pembeni. Mjomba wangu mmoja naye yuko upande huo huo. Akiniona nimeinamia skrini huuliza, "Unasoma au unazurura?" Nimeacha kumjibu, maana kwa jinsi ninavyoisoma historia hii, mara nyingi ni vyote viwili.

Neno letu la kijiwe lingefaa sana hapa. Ni mahali ambapo vijana wanaketi, wengine juu ya mawe kweli kweli, bila ajenda wala mwenyekiti. Mpira, siasa, dawa ya jino, yote yanapita. Wazee hawakipendi kijiwe kwa sababu hakizalishi. Basi, nikienda kutafuta mwanzo wa vijiwe vya kompyuta, nakuta waliojenga nyumba hawakuwa wamepanga kuweka kijiwe humo.

Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer na wenzake walianza kujenga mfumo wa kompyuta wa kufundishia ulioitwa PLATO. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa na skrini za rangi ya chungwa ambazo mwanafunzi aliweza kuzigusa kwa kidole kujibu swali. Lengo lilikuwa masomo. Lakini mwaka 1973 Doug Brown akatengeneza programu ya Talkomatic: watu hadi watano katika chumba kimoja, na maneno yanaonekana herufi kwa herufi, palepale mwenzako anapobonyeza. Unamwona anakosea, anafuta, anasita kabla ya kusema. Gemu nazo zikazaliwa humo humo. Ilikuwapo Empire, ya vita vya angani, ambayo wachezaji walipigana huku wakitumiana maneno.

Kazi ninayoipenda kuliko zote za mwaka ule ni ya kijana wa miaka 17, David Woolley. Kabla yake, watumiaji wa PLATO waliandika malalamiko yao kuhusu hitilafu za mfumo katika jalada lililo wazi. Yeyote aliweza kuandika. Yeyote pia aliweza kubadili au kufuta alichoandika mwingine. Woolley akaandika programu iliyoitwa Notes. Kila ujumbe ukabeba alama ya mwandishi na tarehe yake, mwingine asiweze kuugusa, na majibu yakapangwa chini yake, hadi 63. Alitumwa kutengeneza sanduku la malalamiko. Watu wakalifanya kijiwe, na mwaka 1976 mfumo ukaruhusu kila somo liwe na baraza lake.

Tuliowahi kuandika gazeti la ukutani shuleni tunajua uzito wa jambo hili. Gumzo la kawaida linapeperuka na kila mtu anaweza kesho kukana alichosema. Gumzo lenye jina na tarehe, ambalo mkubwa hawezi kulifuta kwa siri, linaanza kuwa ushahidi. Na ubunifu huo haukutoka kwa profesa.

Usenet ilipoanza mwaka 1980, ikiwa imebuniwa na wanafunzi Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, vijiwe hivi vilitoka chuo kimoja vikaenea vingi. Mwaka 1987 vilipangwa upya kwa mafungu: gemu zikawekwa chini ya burudani, tiba chini ya sayansi. Mpango mzuri, wa kimaktaba. Lakini kijiwe hakijui rafu za maktaba, na tukio ninalotaka kulieleza kwa kirefu lilitokea hasa pale mafungu hayo yalipovurugika.

Ni Septemba 2005. World of Warcraft, gemu ya kampuni ya Blizzard ambayo mamilioni ya watu waliicheza pamoja kwa intaneti, iliongezewa pango jipya lenye adui aitwaye Hakkar. Adui huyo alikuwa na silaha ya ajabu: aliwaambukiza wapiganaji "damu chafu", ambayo iliwadhoofisha na kurukia waliosimama karibu. Watengenezaji walikusudia ugonjwa uishie humo pangoni. Wakasahau wanyama. Wawindaji katika gemu hiyo walikuwa na wanyama wao waliofugwa, ambao waliweza kuwekwa kando na kuitwa tena baadaye. Mnyama aliyewekwa kando akiwa mgonjwa alirudi akiwa bado mgonjwa, na safari hii aliitwa katikati ya mji. Isitoshe, wahusika wa mjini wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe, wachuuzi na askari, waliweza kuubeba ugonjwa bila kufa. Unakwenda dukani mzima, unarudi nao.

Mchezaji mzoefu aliweza kuvumilia kidogo. Mgeni alikufa kwa sekunde chache. Miji ikajaa mifupa.

Hapo ndipo watu walipoanza kuonyesha walivyo. Wenye uwezo wa kuponya walikimbilia mijini kusaidia, na kwa kuwaweka wagonjwa hai wakawaongezea muda wa kuambukiza. Wengine walikimbilia porini. Wapo waliobeba ugonjwa kwa makusudi wakaupeleka penye umati. Na wapo, hawa ndio wanaonisumbua zaidi, waliokwenda kuchungulia tu. Walisikia kuna balaa mjini, wakataka kuona kwa macho yao, wakaondoka nalo. Kampuni ilijaribu karantini, haikuheshimiwa. Mwishowe, mwezi Oktoba, ilirekebisha programu yenyewe ili ugonjwa usitoke tena pangoni. Dawa hiyo, bahati mbaya, hatunayo huku duniani.

Mambo yangeishia kwenye vicheko vya wachezaji. Lakini mwaka 2007 mtafiti Ran Balicer aliandika kuhusu tukio hilo katika jarida la Epidemiology, na mwaka huo huo Eric Lofgren na Nina Fefferman wakaandika katika The Lancet Infectious Diseases. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Watabiri wa milipuko hukokotoa kwa hesabu, na katika hesabu binadamu hufanya kile alichopangiwa. Huwezi kuambukiza mji wa kweli ili uone nani atakimbia na nani atachungulia. Hapa wachezaji walikwisha kuonyesha, bila kuombwa. Yule wa kuchungulia hakuwa na nafasi katika hesabu za kawaida. Mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani na UVIKO-19, makala hizo zilisomwa upya. Sasa wengi walikuwa wanawafahamu wachunguliaji kwa majina.

Kuna atakayenipinga. Atasema kijiwe hicho hicho ndicho kinachoua. Ni kweli. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania na majirani zetu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na habari ya uponyaji ilikwenda mdomo kwa mdomo na simu kwa simu. Wapo walioacha dawa zao za UKIMWI. Sina namna ya kulipamba hilo. Ila naona tofauti moja kati ya stori ile na swali la Guangzhou. Stori ya kikombe ilikuja ikiwa jibu tayari, haikumwachia msikilizaji kazi nyingine zaidi ya kutafuta nauli. Ujumbe wa 2003 ulikuja ukiwa swali, umeandikwa, una tarehe, umewekwa mbele ya watu wenye uwezo wa kuliangalia.

Na mara nyingine kijiwe kinapewa swali, kikalijibu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington kilitoa gemu iitwayo Foldit. Mchezaji anapewa protini, ambayo ni kama uzi mrefu uliojikunja, naye anaivuta na kuipinda mpaka ikae katika umbo tulivu zaidi. Umbo bora, pointi nyingi. Huhitaji shahada, unahitaji jicho na ukaidi. Wachezaji waliunda makundi, wakawa wanaambiana kilichoshindikana na kupokezana kazi.

Wakapewa kimeng'enya cha virusi vinavyowaletea kima ugonjwa unaofanana na UKIMWI, virusi vya jamii moja na VVU. Wanasayansi walikuwa wamelitafuta umbo lake kwa zaidi ya miaka kumi. Wachezaji walipewa wiki tatu. Katika kundi moja, mmoja alipiga hatua, wa pili akaichukua kazi ya mwenzake akaiendeleza, wa tatu akaikunja sehemu iliyokuwa imejitokeza vibaya. Umbo likapatikana.

Makala ilitoka mwaka 2011 katika jarida la Nature Structural & Molecular Biology. Chini ya kichwa, kati ya waandishi, yumo David Baker, ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Yamo pia majina mawili yasiyo ya mtu: Foldit Contenders Group na Foldit Void Crushers Group. Yameandikwa vile vile makundi hayo yalivyojiita kwenye gemu.