Asili ya Misemo ya Kiingereza: Hadithi na Ushahidi

Misemo ya lugha yo yote hutumiwa na watu wengi wasiojua ilikotoka, wala kutojua huko hakuwazuii kuelewana. Mwingereza asemaye kwamba mvua inanyesha paka na mbwa hawafikirii wanyama hao hata kidogo. Afikiri mvua kubwa tu. Lakini mtu akiuliza sababu ya maneno hayo, aghalabu hupewa hadithi, na hadithi ikiwa tamu hakuna aulizaye umri wake. Hapo ndipo historia ya lugha inapopotea njia.

Mnamo mwaka 1999 ilienezwa kwa barua pepe habari iliyodai kueleza maisha ya Uingereza katika karne ya 16. Ilisemwa kwamba paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi, na mvua iliponyesha wakateleza na kuanguka. Mashahidi wa zamani hawaijui habari hiyo. Mshairi Henry Vaughan, katika kitabu chake Olor Iscanus cha mwaka 1651, ataja mbwa na paka wanyeshao kama mvua. Lakini kwake paa ni kinga dhidi yao, wala si mahali waangukapo. Mwaka 1738 Jonathan Swift aliutia msemo huo katika kitabu cha kudhihaki mazungumzo ya waungwana, dalili kwamba wakati ule ulikuwa umekwisha kuchakaa vinywani mwa watu.

Iko misemo mingine ambayo ushahidi wake ni wa namna bora zaidi. Waingereza husema "to the bitter end", yaani hadi mwisho kabisa, hata kama mambo ni mazito. Msikiaji hudhani kwamba neno la katikati ni lile lenye maana ya uchungu. Lakini John Smith, katika kitabu chake cha maneno ya mabaharia cha mwaka 1627, aeleza kwamba ncha ya amari inayobaki ndani ya chombo, penye nguzo za kufungia, iliitwa kwa jina linalofanana na hilo. Amari ikiisha kutolewa mpaka ncha hiyo, hapana tena cha kuongeza. Hata hivyo, Biblia nayo yataja mwisho ulio mchungu katika Mithali 5:4, na yamkini mikondo miwili imekutana katika msemo mmoja. Mwenye kutafsiri huhitaji maana yake ya leo. Mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kuufuta mkondo mmojawapo.

Kadhalika msemo wa kupiga ndoo teke, wenye maana ya kufa, umo katika kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose ya mwaka 1785. Wako wasemao kwamba ndoo hiyo ni ya mtu ajinyongaye. Wengine hukumbusha kwamba neno lile lile la Kiingereza liliwahi kuwa na maana ya boriti ya kutundikia vitu, nalo limo kwa maana hiyo katika mchezo wa Shakespeare. Basi mnyama aliyechinjwa na kutundikwa huipiga kwa miguu. Maelezo ya pili yana neno la kale la kuyategemeza. Ya kwanza yana picha tu.

Jambo hili lawahusu pia wataalamu wa Kiswahili. Mwingereza aliyenunua kitu bila kukikagua husemwa kwamba amenunua nguruwe mfukoni, na usemi huo ulikuwako katika karne ya 16. Mfaransa na Mjerumani humtaja paka. Mswahili husema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Ni rahisi kudai kwamba Waswahili waliuazima msemo wa Waingereza, wakamwondoa nguruwe kwa sababu ya dini. Lakini kila penye soko pana gunia, na penye gunia hakosekani mdanganyifu. Kufanana kwa picha si uthibitisho wa kuazima.

Kinachoweza kuamua ni tarehe. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, iliwekea kila maana mifano yenye miaka yake. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, na ile ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1939, ni hazina kubwa, lakini hazikukusudiwa kazi hiyo. Hapana budi misemo itafutwe katika tenzi, barua na magazeti ya zamani, na kila mmoja uandikwe pamoja na mwaka na mahali ulipoonekana. Msemo usioandikiwa shahidi leo, kesho utaandikiwa hadithi.